Kiazi cha Mkono wa Kulia

Mimi, Normande Pelletier, nimepata utepe wa buluu miaka saba mfululizo katika maonyesho ya kilimo ya wilaya yetu, kwa uzi wa sufu uliosokotwa kwa mkono. Nalisema hili mapema ili usinidharau haraka, maana huko mbele nafasi za kunidharau zitakuwa nyingi.

Uzi wangu ni mwembamba, umenyooka, hauna kinundu hata kimoja. Jaji wa maonyesho, bwana mwenye kioo cha kukuzia na kikohozi kisichokwisha, aliuzungusha kwenye rula yake, akahesabu, akarudia kuhesabu, kisha akaniuliza kama kweli sikutumia mashine. Niliishi na swali hilo wiki nzima, nikimsimulia kila niliyekutana naye dukani.

Mtu mmoja tu katika bonde zima la mto Saint John hakuwahi kuusifu uzi huo, naye nilikuwa nalala naye nyumba moja. Mama mkwe wangu, Alphonsine, ana miaka tisini na mmoja, anakaa chumba chetu cha mbele, na husikia kila kitu isipokuwa kile anachoulizwa. Tangu nimeolewa na mwanawe Rhéal, miaka arobaini sasa, ameuita uzi wangu jina lile lile.

"Uzi wa kushonea magunia ya viazi," husema, akiuvuta kwa vidole viwili. "Mzuri sana, mkwe wangu. Viazi havitamwagika."

Uzi wake yeye ulikuwa wa namna nyingine kabisa. Ulikuwa mwepesi, umejaa hewa, ukiubonyeza unavimba tena kama mkate uliokandwa vizuri. Kwa uzi huo alimfumia sweta kila mjukuu aliyefunga ndoa. Desturi yetu ni kwamba bwana au bibi harusi anaivaa sweta ya Mama mlangoni mwa kanisa kwa picha moja, hata kama jua linawaka kiasi cha kuyeyusha lami, kisha anaivua na kwenda zake. Padri ana cheti chake, sisi tuna picha yetu. Wajukuu kumi na mmoja wametundikwa ukutani katika chumba cha mbele, wote wakitabasamu, wote wakitoka jasho.

Aliyebaki alikuwa wa kumi na mbili, Corey, kitindamimba wangu. Alikuwa na miaka thelathini na minne na tulishaanza kumwombea. Mwezi wa tano akaja na msichana anayeitwa Danika na kutangaza kwamba wanaoana Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, kabla ya kuvuna viazi. Kwetu huku hata kufa wakati wa mavuno ni kukosa adabu, sembuse kuoa.

Mama akaniagiza nifungue kasha lake. Ndani kulikuwa na sweta ya kijivu, mwili umekamilika, mkono wa kulia umekamilika. Mkono wa kushoto uliishia kwenye kiwiko, na sindano zilikuwa bado zimechomekwa humo. Alikuwa ameusokota uzi wote miaka sita nyuma, akampima Corey kwa macho, akakosea. Kisha akateleza kwenye barafu akavunjika bega la kushoto. Vidole vyake bado vinafuma, hata gizani, lakini mkono ule hauwezi tena kuvuta sufu.

"Uzi umeisha," akasema. "Nisokotee mwingine. Kama huu."

"Kama huu, Mama?"

"Kama huu. Si kama ule wako."

Sufu ya kondoo yule yule ilikuwepo, mfuko mmoja tu. Kondoo mwenyewe aliitwa Askofu, kwa sababu ya tumbo lake na namna alivyotazama watu, na alikwisha kufa zamani. Rangi ile ya kijivu alikwenda nayo. Kwa hiyo nilikuwa na mfuko mmoja, miezi mitatu, na mwanangu mmoja asiye na picha.

Nilianza kwa njia yangu, maana mtu huanza na anachokijua. Njia yangu ni hii: mkono wa kushoto unashika sufu, mkono wa kulia unakaa mbele yake, unabana, unavuta kidogo, unalainisha, unabana tena. Ni kazi ya kutoa dawa kwa matone. Nikampelekea Mama kitita kidogo. Akafuma mizunguko sita, akaiweka sweta juu ya meza ya jikoni, na ule mkono ukasimama wenyewe wima, kama bomba la jiko.

"Corey atakunjaje kiwiko?" Mama akauliza. "Au kwenye harusi hii hakuna kula keki?"

Akaifumua mizunguko yote sita mbele ya macho yangu.

Basi nikaenda kuomba msaada kwenye chama. Sisi wasokotaji hukutana kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi katika ukumbi wa chini ya kanisa, wanawake saba na birika kubwa la kahawa. Mwenyekiti wetu ni Claudette Michaud, aliyewahi kwenda Skotlandi siku tisa na kimaneno hajarudi mpaka leo. Huko chamani tunaringishiana magurudumu yetu ya kusokotea kama waume zetu wanavyoringishiana pikapu. Kila mmoja ana sufu aliyoificha uvunguni, na kila mmoja huapa kwamba hatanunua nyingine mpaka aimalize.

Claudette aliposikia shida yangu alifurahi kupita kiasi. "Shoga yangu, unachohitaji ni mvuto mrefu! Kule Skotlandi—"

"Najua, Claudette."

"Nitamwita mwalimu."

Mwalimu akaja kutoka pwani, mwendo wa saa sita kwa gari. Aliitwa Maren, alivaa vitambaa vingi visivyo na mishono, na gurudumu lake alilileta limefungwa mkanda wa usalama kwenye kiti cha abiria. Alituomba kwanza tufumbe macho na kuisalimia sufu yetu. Nilifanya kazi ya upishi shuleni miaka ishirini na nane, nimesalimiana na watu wa kila aina, lakini siku hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kumsalimia kondoo aliyekufa.

Maelezo yake yenyewe yalikuwa mafupi. Unaichana sufu, unaiviringisha iwe kitu kama soseji nyepesi. Unaishika soseji hiyo kwa mkono wa kushoto, unakanyaga gurudumu, kisha unaurudisha mkono wote nyuma, kupita kiuno, kadiri bega linavyoweza kwenda. Mkono wa kulia haufanyi kitu. Sufu inafunguka yenyewe, msokoto unakimbilia palipo pembamba, na uzi unajitengeneza.

"Sufu inajua kuwa uzi," Maren akasema. "Wewe achia tu."

"Kama inajua," nikasema, "mimi nimekuja kufanya nini?"

Wenzangu wakacheka, mwalimu hakucheka. Akaja akasimama nyuma yangu. Nikakanyaga, nikavuta, na kabla mkono wa kushoto haujafika popote, wa kulia ukaruka mbele ukabana. Uzi ukakatika. Nikaunga, nikavuta, ukabana. Safari hii uzi ukatoka mnene kama kidole gumba, halafu mwembamba kama unywele, halafu ukakatika.

"Normande," Maren akaninong'oneza, "mkono wako wa kulia unaogopa nini?"

"Hauogopi kitu. Unafanya kazi yake."

"Ndiyo shida yenyewe."

Wote wakaitikia kwa kichwa polepole, kama wako kwenye misa. Nilitamani kumpiga mtu kwa birika la kahawa.

Kilichoniua zaidi ni Tammy. Tammy alijiunga na chama mwezi uliotangulia, kwa sababu daktari alimwambia atafute kitu cha kumtuliza. Hajui hata majina ya sehemu za gurudumu, pedali anaiita "kile kiatu". Nusu saa haijaisha, Tammy alikuwa anaurudisha mkono wake nyuma taratibu, na uzi unatoka mwepesi, mrefu, mzuri, huku akituhadithia habari za paka wake.

"Ni rahisi tu, bibi Normande," akasema. "Sijui hata ninafanyaje."

Wahenga walisema mzoea punda hapandi farasi, na mimi punda wangu nilimzoea kwa miaka arobaini. Tammy hakuwa na punda. Claudette, kwa huruma yake mbaya, akachukua vile vinundu vyangu akavinyanyua juu ili kila mtu avione.

"Usife moyo, shoga. Mjini huu wanauita uzi wa sanaa. Wanautafuta sana."

Mwezi wa sita ukaisha hivyo. Nusu ya sufu ya Askofu ilikuwa imegeuka vinundu, na hapo ndipo nikatenda dhambi. Nilinunua uzi wa kijivu dukani, mwepesi, rangi inayokaribiana. Nikaufua kwa mkono, nikauzika siku mbili ndani ya mfuko wa sufu chafu ili upate harufu ya zizi. Kisha nikampelekea Mama kwa uso wa mtu aliyefanya kazi.

Alikuwa kwenye meza ya chumba cha mbele, anakula ploye, zile chapati zetu nyembamba, na siagi, akizikunja moja moja. Akajipangusa vidole, akaugusa uzi, akaunusa.

"Askofu hakuwahi kunuka sabuni ya mataulo," akasema.

"Niliufua, Mama."

"Huu haukusokotwa na mtu, Normande. Hauna kosa hata moja, mwanzo mpaka mwisho. Hata ule wako, na ubaya wake wote, ndani yake kuna mtu."

Kwa miaka arobaini hajawahi kunisogelea na sifa karibu kiasi hicho. Ilibidi niende chumba cha kufulia nikajifungie kidogo. Lakini nilipotoka hasira ilikuwa imerudi, kubwa kuliko mwanzo.

"Basi nifundishe wewe!" nikamwambia. "Umekaa hapo unanipa vidonge kila siku. Nifundishe!"

"Nikufundishe nini, una tepe saba?"

"Mama!"

Akakunja ploye nyingine. "Shida yako ni huo mkono wa kulia. Una kiherehere. Hata wangu ulikuwa hivyo. Gurudumu la mama yangu lilikuwa lile kubwa la kusimama. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unavuta, kila mmoja na kazi yake. Nikaja kupewa hili la kukanyagia. Mkono wa kulia ukakosa kazi, ukaanza umbea. Kila uzi ukipita, lazima uuguse. Mama alinishikisha kiazi, Kwaresima nzima. Nikikiangusha, nachapwa."

"Kiazi."

"Kiazi. Unadhani sisi tulikuwa na walimu kutoka pwani?"

Niliona ananicheza shere. Nilishachoka kuchezwa shere na watu wenye bega moja.

"Nimeacha," nikasema. "Umesikia, Mama? Nimeacha. Corey atapigwa picha na suti yake kama watu wengine duniani."

Mama aligeuza uso kuelekea ukutani, kwenye zile picha kumi na moja, nami nikatazama alikotazama. Mwisho wa safu kulikuwa na msumari mpya. Alikuwa amemwomba Rhéal aupigilie siku ile ile Corey alipotangaza harusi. Ulikuwa umekaa pale wiki saba, mtupu, na mimi nilipita chini yake kila asubuhi na kikombe chake cha kahawa.

Nilijisikia vibaya sana. Nikashuka ghalani chini ya nyumba, nikachagua kiazi. Mwezi wa saba viazi vya mwaka jana vimeshazeeka na kuota machipukizi, lakini nilipata kimoja kigumu, kinachojaa kiganjani. Nikabeba gurudumu hadi banda la trekta na sufu ya kufanyia mazoezi, si ya Askofu, nikafunga mlango.

Siku ya kwanza nilikiangusha kiazi mara thelathini. Mkono uliruka kwenda kubana, ukasahau kwamba umejaa, kiazi kikabingirika chini ya trekta, nami nikakifuata kwa magoti. Siku ya pili niliacha kukiangusha, ila nilikibana mpaka kucha zikaingia. Siku ya tatu Rhéal akafungua mlango kutafuta spana. Akanitazama: mkewe wa ndoa ya miaka arobaini, peke yake, anakanyaga gurudumu huku amekumbatia kiazi kifuani.

"Normande. Hicho ni nini?"

"Kiazi."

"Naona ni kiazi."

"Najifunza. Na ukimwambia mama yako, utakula viazi kama hivi mpaka Krismasi."

"Sawa," akasema, akafunga mlango taratibu. Hata spana hakuichukua.

Siku ya sita, saa tano asubuhi, mkono wa kulia ulichoka kupigana. Nilihisi umelala juu ya kiazi kama mtoto aliyelia mpaka akasinzia. Mkono wa kushoto ukaenda nyuma, ukapita kiuno, ukaendelea, na mbele yangu sufu ikafunguka. Ilianza na mawimbi, manene na membamba, nami nilikuwa nimekaa tu naangalia. Msokoto ukaingia, mawimbi yakajisawazisha, na hapo hewani pakawa na uzi wenye urefu wa mkono wangu wote, mwepesi, ambao sikuugusa. Nilipiga ukelele. Nilifurahi mpaka nikaona haya, mwanamke wa miaka sitini na sita, nashangilia peke yangu bandani kwa sababu ya uzi.

Nilifanya mazoezi wiki mbili zaidi. Ndipo nikaifungua sufu ya Askofu iliyobaki, nikaisokota yote, kiazi mkononi. Nikasokota nyuzi mbili pamoja, nikaufua, nikauanika. Kilikuwa kitita kimoja, kinachotosha mkono kutoka kiwiko hadi kiganja na pengine mita tatu za ziada. Haukuwa uzi wa kupata utepe. Jaji wangu angeutazama kwa kioo chake na kukohoa. Lakini ukiubonyeza, ulivimba tena.

Niliandaa hotuba mbili, moja ya unyenyekevu na moja isiyo ya unyenyekevu. Nikaingia chumba cha mbele, Rhéal akiwepo anasoma gazeti, nikakiweka kitita mapajani mwa Mama.

Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo aliangalia kwa vidole. Aliupapasa mwanzo. Akaupapasa mwisho. Akaubana, akauachia. Kisha midomo ikaanza kumcheza.

"Umeupata wapi?"

"Mama—"

"Chini ya kasha, siyo? Nilijua nimebakiza! Nilisema mimi, nilimpima yule mtoto, sikukosea." Akaunyanyua hadi shavuni. "Huu ni wa majira ya baridi kabla sijaanguka. Rhéal, njoo ushike. Njoo uone mama yako alivyokuwa anasokota. Watu wa kusokota hivi hawapo tena."

Hotuba zote mbili hazikuwa na kazi tena. Miaka arobaini nilingoja maneno hayo, na sasa yametoka, yamenipita usoni, yamemrudia mwenyewe.

"Mama," Rhéal akaanza, "huo uzi si wako, ni wa Nor—"

Nikamkanyaga mguu kwa kisigino, maana Mama alikuwa analia. Alilia bila sauti, uzi umemkaa shavuni, na mkono wake wa kushoto, ule ambao bega lake halipandi, ulikuwa unatembea hewani kidogo kidogo kurudi nyuma, kadiri ulivyoweza.

"Nilidhani huu mkono umeshanifia," akasema. "Kumbe kazi yake ipo."

Nikatazama mkono wangu wa kulia. Ulikuwa umekunja ngumi, bila kitu ndani.

"Ulikuwa chini ya kasha, Mama," nikasema. "Chini kabisa."

Jumamosi ya harusi kulikuwa na joto la kuchoma. Corey alisimama mlangoni mwa kanisa ndani ya sweta ya kijivu, jasho likimtiririka hadi kwenye kola, Danika akimpepea kwa kitabu cha nyimbo. Mpiga picha aliomba apige mbili. Tukamwambia ni moja tu, huwa ni moja.

Chakula kilikuwa katika ukumbi wa chini, pale pale tuliposalimia kondoo. Sweta ilizungushwa meza hadi meza, maana wanawake wote wa chama walikuwepo. Claudette akaivuta miwani yake kutoka kichwani. Akafika kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, akasimama.

"Mungu wangu, Alphonsine. Kipande hiki! Hata kule Skotlandi sikuona."

"Hiyo ndiyo kazi yangu bora," Mama akasema, amekaa katikati ya meza kama malkia. "Kwingine kote nilikuwa na haraka, unaona? Lakini hapo nilitulia."

"Ni mwepesi sana," Tammy akasema. "Wa kwangu haufiki hapo."

Ndugu msomaji, huyo ni Tammy.

"Normande alijaribu kunisaidia, maskini," Mama akaendelea, kwa ile sauti ya mtu asiyesikia vizuri, inayofika ukumbi mzima. "Alihangaika kweli. Lakini si kila mtu amejaliwa."

Wakanigeukia wote, Claudette, Tammy, hata padri. Walinitazama kwa huruma, na Claudette akanyoosha mkono kunipigapiga begani.

"Usijali, shoga. Mwalimu anarudi mwezi wa kumi."

Ulimi ukanyanyuka. Niliuhisi unanyanyuka, umejaa tepe saba, trekta, magoti yangu, siku sita. Rhéal alikuwa ananitazama, ameshaficha miguu chini ya kiti.

Kwenye sahani yangu kulikuwa na kiazi kimoja cha kuchemsha, kizima, na ganda lake. Nikakichukua kwa mkono wa kulia, nikakitia chote mdomoni.

"Normande?" Claudette akauliza. "Ulitaka kusema kitu?"

Nikatikisa kichwa, nikaendelea kutafuna.